Usiku wa wazi Cape Town: chagua nyota yenye jibu

Kituo cha falaki cha Cape Town kilianzishwa mwaka 1820, na hadi leo darubini yake ya McClean inafaa kuonyesha watu anga, mradi mwongozaji ajue ipi ni kazi yake na ipi siyo.

Kwenye kuba kuna mirija miwili iliyofungwa pamoja. Mgeni huvutwa na ule mnene wenye lenzi ya inchi 24, karibu sentimita 61. Huo ulitengenezwa kwa kupiga picha: lenzi yake inakusanya sawasawa mwanga wa buluu, ambao ndio sahani za picha za zamani zilikuwa zikiushika. Ukiweka jicho pale, nyota inazungukwa na ukungu wa rangi. Mgeni aelekezwe kwenye mrija mwenzake wa inchi 18, uliokusudiwa macho.

Lenzi hiyo inakusanya mwanga wake karibu mita 6.8 nyuma, kwa hiyo hata lenzi ya jicho (ile ndogo unayochungulia) ya milimita 40 inakuza mara 170, yaani 6,800 kugawa kwa 40. Eneo linaloonekana ni dogo, kama nusu ya upana wa Mwezi. Basi usiahidi Mwezi mzima. Onyesha mpaka wa mwanga na giza siku za karibu na nusu Mwezi, vivuli vya kreta (mashimo ya Mwezi) vikiwa virefu. Galaksi ziache kabisa, taa za jiji zimezimeza.

Mimi ningeanza na Alfa Kentauri. Ni hapa hapa kituoni Thomas Henderson alipoipima mwaka 1832 na 1833, kisha mwaka 1839 akatangaza umbali wake. Leo tunajua ni kama miaka 4.4 ya nuru. Kwa macho matupu ni nyota moja. Kwenye darubini ni mbili, za rangi ya manjano, moja iking'aa kuliko mwenzake. Mwaka 2016 zilikuwa zimekaribiana sana, na tangu hapo zinaachana, kwa hiyo kuzitenganisha kunazidi kuwa rahisi.

Sababu kubwa ya kuichagua ni kwamba ina jibu. Watu wengi, watoto hasa, wakiulizwa "umeona?" husema ndiyo kwa adabu, kumbe wameona weusi mtupu. Uliza: "Ngapi? Ipi kubwa?" Akijibu moja, kuna kasoro. Mara nyingi jicho liko mbali au pembeni, au ameishika lenzi kwa mkono na darubini nzima inatikisika. Mwambie aweke mikono mgongoni, asogee polepole mpaka duara la mwanga lijae. Asiyeona mbali avue miwani urekebishe fokasi. Mwenye astigmatizimu, kasoro ya jicho ambayo fokasi haiwezi kuirekebisha, abaki nayo. Futa mvuke wa pumzi kwenye lenzi kila baada ya watu kadhaa.

Zikionekana nyota zote mbili zimechemka na kuungana, lawama ni ya hewa. Fungua kuba saa moja au zaidi kabla wageni hawajafika, joto la mchana litoke, na usiruhusu umati kusimama chini ya uwazi wake. Hili hupuuzwa sana, na huharibu usiku mwingi.

Foleni nayo ihesabiwe: watu 40, kila mmoja sekunde 45, ni nusu saa. Kwa hiyo kundi moja, nyota moja. Mtambo unaofuata anga ukisimama, Alfa Kentauri itavuka eneo lote kwa kama dakika 2, na Zohali, ikiwa karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, ambako mwendo huonekana wa kasi zaidi), kwa dakika 1 tu.

Cape Town nyota hii haizami. Dar es Salaam inafika nyuzi 36 hivi juu ya upeo wa kusini, Nairobi kama 30, na jioni za Juni ndio wakati wake. Darubini yenye lenzi ya upana wa milimita 60 inayokuza mara 80 inatosha kuitenganisha.