Una pumu? Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa aspirini

Je, kila mwenye pumu hudhurika na aspirini?
Hapana. Kati ya watu wazima 100 wenye pumu, ni kama 7 hivi. Kwa wenye pumu kali idadi hiyo hupanda. Mara nyingi tatizo huanza ukubwani. Mshuku zaidi mwenye pumu ambaye pua imeziba muda wote, hasikii harufu, au ana nyama za pua zinazoota tena kila zikikatwa.

Mimi aspirini siigusi, natumia ibuprofeni tu. Niko salama?
Hapana! Kama aspirini inakubana kifua, ibuprofeni itakubana vilevile. Na diklofenaki. Na naprokseni. Na indometasini. Wagonjwa wanakuja wanahema, ukiwauliza wamemeza nini wanajibu, "Dawa ya mgongo tu." Hiyo "tu" ndiyo inayowaleta kwetu.

Je, nikichomwa sindano badala ya kumeza?
Hapana. Sindano ya diklofenaki ni diklofenaki. Haipiti tumboni, lakini inafika kwenye mapafu kama kidonge, tena upesi. Kabla hujachomwa sindano yoyote ya maumivu, sema una pumu, hata kama hujaulizwa. Soma pia pakiti za vidonge vya mafua na kichwa, maana vingine vina aspirini ndani.

Kwa nini zote zinaleta shida moja?
Zote huzuia kimeng'enya kiitwacho COX-1. Kikizuiwa, mwili wa mtu huyu humwaga kemikali ziitwazo lukotrieni, na njia za hewa hubana, huvimba na kujaa makohozi. Si mzio wa kawaida, ndiyo maana kipimo cha ngozi hakiuoni.

Lakini mwaka jana nilimeza na sikudhurika.
Mwaka jana si leo. Hali hii huweza kumwanza mtu aliyemeza dawa hizo miaka mingi bila neno.

Nitajuaje imenidhuru, na nifanye nini?
Kwa kawaida ni kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza: pua inachuruzika au kuziba, macho yanawasha, uso unakuwa na joto, kifua kinabana na kutoa mlio. Vuta salbutamol yako na uende hospitali. Usilale ukitumaini itapita. Usinywe maji ya moto ukasubiri asubuhi. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, umeshachelewa. Beba pakiti ya dawa uliyomeza, tafadhali. "Vilikuwa vyeupe" haitusaidii.

Basi nikiumwa nimeze nini?
Parasetamoli ya miligramu 500 huwafaa wengi. Wachache hubanwa kidogo wakimeza 1,000 kwa mkupuo, kwa hiyo anza na kidonge kimoja.

Daktari amenipa aspirini ya moyo. Niiache?
Kama unaitumia bila shida yoyote, usiiache kwa uamuzi wako. Kama inakubana, rudi kwake leo hii. Kuna njia ya kuuzoeza mwili aspirini kidogo kidogo, na dawa nyingine zipo.

Naweza kujipima nyumbani kwa robo kidonge?
Hapana, hata robo ya robo. Kipimo hicho hufanyika hospitali, pumzi ikipimwa kila baada ya muda na dawa za dharura zikiwa mkononi. Kwa wengine, kipande kidogo tu kinatosha kuwalaza.