Ndege Imetua, Propela Bado Inazunguka

Ndege ndogo ikishagusa ardhi, abiria wengi hushusha pumzi: alhamdulillahi, tumefika. Mikanda inafunguliwa, simu zinawashwa. Kwa sisi tunaoshughulikia usalama viwanjani, huo ndio wakati wa kukodoa macho. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinahesabu safari tangu mtu anapopanda kwa nia ya kusafiri hadi wote waliopanda wanaposhuka. Anayeumia vibaya akiwa kwenye ngazi ya ndege amepata ajali ya ndege, ingawa magurudumu yameshasimama.

Linalonitia hofu kuliko yote ni propela. Chukua Cessna 172, ndege wanayojifunzia marubani wengi. Injini yake ikiwa imetulia kwenye maegesho, propela huweza kuzunguka mara 1,000 hivi kwa dakika. Ina mapanga mawili, kwa hiyo kila sekunde panga hupita mara 33 mahali pale pale. Jicho haliwezi kulishika. Linaona kama ukungu mwembamba tu, na usiku halioni kitu. Masikio nayo yameshazoea mngurumo wa njia nzima, hayakuonyi tena.

Desemba 2011, huko McKinney, Texas, Marekani, mwanamke kijana alishuka usiku kutoka ndege ndogo iliyorudi kutoka matembezi ya kutazama taa za Krismasi. Ndege ilikuwa imetua salama kabisa, ila injini haikuwa imezimwa. Propela ilimpiga, akapoteza mkono wa kushoto na jicho la kushoto.

Cessna Caravan, zinazobeba watalii na wenyeji kwenda Mafia, Pemba au Serengeti, zina nafuu moja: mlango wa abiria uko nyuma, upande wa kulia, mbali na propela. Tatizo huja kwenye mizigo. Mabegi mara nyingi hukaa kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, na abiria mwenye haraka huzunguka kwenda kuyasubiri huko, akisogea hatua kwa hatua kuelekea puani. Usifanye hivyo. Shuka, elekea upande wa mkia, kisha mfuate mhudumu. Mabegi yatakukuta ulipo. Katika ndege ambazo mlango uko mbele, karibu na propela, usifungue mkanda kabla injini haijazimwa na propela kusimama kabisa. Una haki ya kumwambia rubani: tafadhali zima kwanza.

Propela iliyosimama nayo si ya kuegemea wala kupigia picha. Kwenye injini ya pistoni, magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha mafuta, isipokatika sawasawa, kuigeuza kidogo tu kwa mkono kunaweza kuwasha mlipuko mmoja ndani ya silinda, na huo unatosha kuvunja mkono. Ya Caravan huzungushwa hata na upepo, ndiyo maana wahudumu huifunga kwa mkanda.

Upepo una mengine. Kusi ikivuma kwa nguvu kutoka nyuma na ubavuni, inaweza kuinua bawa la ndege nyepesi inayotembea polepole kuelekea maegesho, na rubani aliyeachia usukani akidhani kazi imeisha atashtuka bawa la pili likikwaruza ardhi. Abiria nao wasirundikane mlango wa nyuma wote kwa pamoja, kwani uzito ukihamia huko pua inaweza kuinuka na mkia ukakaa chini. Tokeni kwa zamu mtakayopewa.

Kwenye viwanja vya changarawe visivyo na uzio, ombi langu kubwa ni kwa wenyeji wanaokuja kupokea wageni. Mshikeni mtoto mkono mpaka propela isimame. Hewa inayotupwa na propela hupeperusha khanga, karatasi na kofia, na mtoto hukimbilia kinachopepea bila kuangalia kinaelekea wapi. Kofia iacheni iende. Mhudumu ataiokota injini ikishazimwa.