Kifaa cha kushukia kina breki, lakini mkono wako bado unahitajika

Mafundi wa kamba hapa Mtwara, wanaoning'inia kwenye matangi na minara, wana usemi wa siku nyingi: "Kifaa kina breki yake, kitakushika chenyewe." Nusu ni kweli. Nusu iliyobaki inanitia hofu.

Ndani ya kifaa hiki cha kushukia kwenye kamba mna kipande cha chuma kinachozunguka. Uzito wako ukikivuta, kinaibana kamba. Ukiachia mpini, kinarudi kubana. Lakini mpini hufungua tu. Kasi huamuliwa na mkono ulioshika mkia wa kamba, ule upande usio na mzigo. Ukiuacha mkia huku mpini umevutwa, utaporomoka. Mtu akishtuka hukaza ngumi, haachii, na ndiyo maana baadhi ya vifaa hujifunga mpini ukivutwa kupita kiasi. Si vyote.

Kubana kwenyewe kunategemea kamba. I'D S, kifaa cha kushukia cha kampuni ya Petzl, kwa mfano, ni ya kamba za milimita 10 hadi 11.5. Kamba nyembamba zaidi, au iliyolowa matope, inaweza kuteleza. Na huku kwetu pwani, springi ikishika chumvi hurudi kwa uvivu. Ibonyeze kwa kidole uisikie.

Kiwango cha Ulaya EN 12841 kinakiita kifaa cha kushukia aina C, na kinataka kitumike pamoja na kizuizi cha aina A, kile cha kukudaka ukianguka, kwenye kamba ya pili. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaondoka ukingoni, kiwekee uzito wako kwanza ukiwa bado umejifunga kwenye nanga, yaani sehemu imara ya kufungia, uone kama kamba inatambaa.