Wati Nyingi Hazileti Mlio wa Zamani

Wapiga gitaa wengi wa benga hapa Kisumu huamini kwamba anayetaka mlio wa amplifaya za zamani sharti anunue yenye wati nyingi, wakidhani kuwa wati 100 hutoa sauti mara mbili ya wati 50. Sivyo. Kwa spika ileile, kuongeza nguvu maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, nguvu huhitaji kuzidishwa karibu mara 10.

Ukwaruzo mtamu unaopendwa katika mlio huo wa zamani hutokea pale vali, yaani zile taa za kioo zilizo ndani ya amplifaya, zinaposukumwa hadi kikomo chake na kuanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti. Amplifaya ya wati 5 hulifikia jambo hilo hata chumbani, na ukumbini huwekewa maikrofoni mbele ya spika, ilhali ya wati 100 hulifikia kwa kishindo kinachoumiza masikio.

Hata hivyo, noti za benga zinapaswa kusikika mojamoja, kwa hiyo ukwaruzo huo mimi huupunguza. Hapo amplifaya ya Fender Twin Reverb ya wati 85 inafaa kweli, kwa sababu hubaki safi hata ikipazwa sana.