Umenunua chenso ya bei nafuu? Ikague kabla hujaingia nayo shambani

Ukipita maduka ya vifaa Mafinga, Makambako au Njombe utaikuta: msumeno wa mnyororo kutoka China, namba 5200 au 5800 ubavuni, bei yake sehemu ndogo tu ya ile ya Stihl au Husqvarna halisi. Wapo wataalamu wa misitu wanaoibeza. Mimi sioni ubaya kwa mkulima mwenye ekari mbili za misindano, anayetaka kupogolea, kukata kuni na kuangusha mti mmoja mmoja, kuinunua. Ila ajue bei hiyo imeshukaje.

Injini ni ile ile ya mipigo miwili, isiyo na siri kubwa. Kilichopunguzwa ni ukaguzi, pamoja na ubora wa vitu vidogo: mpira wa mafuta, boliti, springi ya breki, mnyororo. Hata namba ya ubavuni usiiamini sana. 5800 inadokeza injini ya sentimita za ujazo 58, na si ajabu ikipimwa ikawa ndogo kuliko hapo. Kwa hiyo kazi ambayo kiwanda makini kingeifanya kabla ya kufunga boksi umeachiwa wewe.

Anza na breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Injini ikiwa imezimwa, isukume mbele: mnyororo usivutike hata kidogo. Kisha washa, msumeno ukiwa chini na umeushika barabara, vuta mafuta, uisukume kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiendelea kuzunguka, rudisha mashine dukani siku hiyo hiyo. Mnyororo mwingi hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, na ncha ya juu ya bamba, yaani chuma kirefu kinachobeba mnyororo, ikigusa tawi bila wewe kuona, msumeno hurushwa kuelekea usoni kabla hujawaza lolote. Vilevile, ukiachia mafuta injini ikabaki inanguruma taratibu, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, punguza sailensa, yaani kasi ya injini usipovuta mafuta, au mpe fundi aangalie krachi.

Mashine hizi nyingi hufa kwa sababu ya mafuta. Fuata kitabu chake: kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, kikisema 40 kwa 1, ni mililita 25. Oili iwe ya injini za mipigo miwili. Ile ya gari haikutengenezwa iungue pamoja na petroli, huacha masizi kwenye plagi na ringi. Kukadiria kwa kizibo cha chupa ndiko kunakowapa mafundi kazi. Changanya ya kutumia wiki chache tu, maana ikikaa sana huacha utando ndani ya kabureta.

Hata ukichanganya vizuri, mpira wa mafuta ukipasuka, au boliti za kabureta zikilegea, injini huvuta hewa nyingi kupita kiasi na petroli kidogo. Dalili yake huwadanganya watu, kwa sababu mashine huonekana imepata nguvu: inalia kwa sauti kali, na ukiachia mafuta inachelewa kutulia. Zima hapo hapo. Ukiendelea, pistoni itakwaruza silinda na injini itanoki. Plagi nayo husema: kahawia ni nzuri, nyeupe ni hatari, nyeusi yenye majimaji ni oili nyingi au filta ya hewa iliyoziba.

Kuhusu oili ya mnyororo, najua wengi wanaweka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari kwa kuwa haina bei. Ina chembe za chuma zinazokula pampu na bamba, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, ambazo mnyororo unakurushia nguoni na kwenye udongo wako. Nunua ya kwake. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya bamba kwenye gogo jeupe bila kuligusa, uvute mafuta: uonekane mstari wa matone.

Mnyororo uliokuja nao utaisha makali haraka. Ukiona unga badala ya vipande vya mbao, noa. Minyororo mingi ya mashine hizi hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8, lakini soma alama kwenye bamba kwanza. Shikilia nyuzi 30, piga tupa idadi sawa kila jino, kwa kusukuma tu. Msumeno unaokata kwa kupinda una meno mafupi upande mmoja.

Fedha uliyookoa dukani inatosha kununua kofia yenye wavu, kinga ya masikio na suruali ya kinga. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukizigusa huzivuta, zikazonga gia na kuusimamisha. Jinzi haifanyi hivyo, hata ukivaa mbili.

Kumiliki mashine si kibali cha kukata. Pita ofisi ya misitu ya wilaya au ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kuangusha mti, uulizie na utaratibu wa kusajili msumeno wenyewe.

Usipasulie mbao kwa mashine hii. Kupasua kunaidai injini nguvu yote kwa dakika nyingi mfululizo, nayo haikujengwa kwa joto hilo. Na mnyororo hula karibu milimita 8 za mbao kila mpasuo. Kata magogo, uyapange vizuri barabarani, umwite mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao.