Zahanati bila daktari si zahanati bila tiba

Wengi Tanzania wanaamini kuwa kama zahanati haina daktari, ni kupoteza muda. Bora kwenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Imani hiyo ina chimbuko: madaktari ni wachache kweli, na dawa huisha.

Lakini zahanati haikupangiwa daktari tangu mwanzo. Anayepokea wagonjwa kwa kawaida ni tabibu, mhudumu wa afya ambaye si daktari bali ana stashahada ya miaka 3, pamoja na wauguzi. Malaria isiyo kali, kuhara, chanjo na kliniki ya wajawazito ni kazi yao ya kila siku. Kinachowazidi hupewa rufaa. Mtoto mwenye degedege au mjamzito anayetokwa damu asisubiri foleni popote. Huyo ni wa dharura.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Muulize anayekuhudumia cheo chake na namba ya usajili. Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, omba kukiona baada ya dakika zilizoelekezwa, mara nyingi 15 hadi 20. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe. C peke yake, vimelea havikuonekana. Ukiongezeka mstari wa pili, kipimo kimeonyesha malaria.