Video kugoma si kosa la MKV
Wengi wanaamini kwamba kisanduku cha TV kikigoma kucheza video, dawa ni kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4. Haisaidii. MKV na MP4 ni makasha tu ya kubebea picha na sauti za video. Kwa kawaida kinachoamua ni namna picha na sauti zilivyobanwa, yaani kupunguzwa ukubwa, ndani yake. Ndiyo maana unaweza kusikia maneno yote huku kioo kikibaki cheusi: sauti imefunguka, picha imeshindikana. Mara nyingi picha hiyo imebanwa kwa H.265, mtindo wa kubana wa mwaka 2013, na kifaa chako kinajua H.264 ya 2003 pekee.

Basi ukienda dukani usiulize kama kisanduku kinacheza MP4. Ulizia H.265, tena beba flashi yenye video zako mwenyewe, ichomekwe hapohapo uone.